Sikio Ubavuni mwa Jahazi: Nyangumi wa Bahari ya Oman na Sauti Zao



Ami yangu, Mungu amrehemu, alikuwa baharia wa majahazi ya tanga. Alianza akiwa kijana wa kutumwa maji na kahawa, akaijua njia ya Lamu, Mombasa na Unguja kama anavyoijua njia ya kwendea msikitini. Mimi nilizaliwa hapa Sur baada ya wazazi wangu kuondoka Unguja mwaka 1964, na jioni nyingi za utoto wangu nilikaa barazani kwake nikimsikiliza. Kwa kuwa nyumbani tukisema Kiswahili, hadithi zake zote alinisimulia kwa Kiswahili.

Hadithi moja sikuiamini. Alisema kwamba usiku wa shwari, wakati tanga limelegea na jahazi limesimama kama limepigiliwa misumari juu ya maji, mtu akishuka chini na kulaza sikio kwenye mbao za ubavuni husikia bahari inaimba.

"Si mawimbi, mwanangu," aliniambia. "Ni sauti kama ya mtu anayelia. Inapanda, inashuka, halafu inarudi pale pale ilipoanzia."

"Ami, nani anayeimba?"

"Wazee walituambia ni nyangumi. Mimi sikumwona. Nilimsikia tu."

Kisha akaongeza maneno ambayo wakati ule niliyapuuza, na ambayo leo ndiyo yaliyonikalisha kuandika: "Tulipotia mashine kwenye majahazi, hatukumsikia tena."

Nilikwenda kusoma uhandisi Uingereza, na ami alifariki nikiwa huko. Nilirudi na shahada na kazi ya mitambo, na hadithi ile nikaiacha pamoja na hadithi za majini wa Sokotra. Miaka mingi baadaye ndipo nilipogundua kwamba ami alikuwa akisema kweli, tena kweli ambayo wataalamu wa nchi kubwa walihitaji nusu karne na vyombo vya fedha nyingi kuithibitisha. Makala hii ni historia fupi ya ukweli huo. Mimi si mtaalamu wa wanyama wala si mwanahistoria, ni mtu wa pampu na beringi. Lakini mtu wa beringi naye anaishi kwa kusikiliza. Fundi aliyenifunza kazi alikuwa akiweka ncha ya bisibisi juu ya mashine na mpini wake sikioni, akakwambia beringi ipi imechoka. Siku hizi tunatumia vipima mtetemo na kompyuta, ila kazi ni ile ile: sauti inapita vizuri zaidi katika chuma, mbao na maji kuliko katika hewa. Majini hukimbia kiasi cha mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Ami hakuwa na bisibisi, alikuwa na jahazi zima.

MIAKA ELFU YA KUPIGA KELELE

Kwa wale ambao hawajafika, Sur ni mji wa bandari mashariki ya Oman, karibu na Ras al Hadd, pembe ambapo pwani ya Arabuni inakata kona na kushuka kusini kuelekea Masirah na Dhofar. Kwa karne nyingi majahazi yake yalishuka na kaskazi yakipeleka tende, chumvi na samaki wakavu, yakarudi na kusi yakileta boriti za mikoko. Yalibeba pia, na haifai kuficha, watu waliouzwa. Kiswahili kilifika Sur kwa njia zote hizo, ya biashara, ya ndoa na ya dhuluma.

Mabaharia wa njia hii walimjua nyangumi mapema sana. Al-Mas'udi, msafiri na mwanahistoria aliyezaliwa Baghdad, alipanda chombo katika kisiwa cha Qanbalu kurudi Oman mwaka 304 wa Hijria, yaani 916 au 917. Wanahistoria wengi wanaona kwamba Qanbalu ilikuwa Pemba. Katika kitabu chake cha Muruj al-Dhahab anaeleza juu ya samaki mkubwa wa bahari ya Zanji, aitwaye uwal, ambaye mabaharia walimwogopa. Anasema walipiga mbao usiku na mchana ili akimbie asije akakipiga chombo. Na taarifa za wafanyabiashara wa bahari ya Hindi zilizoandikwa mwaka 851, kabla ya al-Mas'udi kuzaliwa, zinasema mambo ya namna hiyo hiyo: mabaharia waligonga kengele usiku ili kumfukuza mnyama mkubwa asiyeonekana gizani.

Basi tazameni. Kwa zaidi ya miaka elfu moja, mazungumzo yetu na nyangumi yalikuwa ni kumpigia kelele aondoke. Hatukumlaumu mtu kwa hilo, kwani chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi hakiwezi kugongwa na mnyama wa tani thelathini. Hatukuwa na haja ya kujua anasema nini. Kitu pekee tulichokitaka kwake kilikuwa ambari, ile inayotoka tumboni mwa nyangumi wa kichwa kikubwa na kuokotwa ufukweni, ikauzwa kwa uzito kwa bei ya juu. Hiyo nayo haikuhitaji kumsikiliza.

Halafu, katika maisha ya ami yangu, ikaja hatari nyingine. Mwaka 1965 na 1966, khasa Novemba 1966, meli za Urusi ya Kisovieti ziliingia Bahari ya Arabuni kuwinda nyangumi kinyume na makubaliano ya kimataifa. Ziliua nyangumi kibyongo 242 katika maji ya Oman, Pakistan na India. Nyangumi kibyongo ni yule mwenye nundu mgongoni na mapezi marefu kama mabawa. Takwimu za kweli zilifichwa kwa miaka thelathini, mpaka mtaalamu aliyekuwa katika shughuli hizo, Yuri Mikhalev, alipozichapisha mwaka 1997. Katika karatasi zake mlikuwa na jambo la ajabu: matumbo ya wanyama wale yalijaa chakula, na baadhi ya majike walikuwa na mimba za umri usiolingana na wenzao wa kusini mwa dunia. Maana yake nyangumi hawa hawakuwa wageni waliopita. Walikuwa wenyeji wa hapa, wanakula hapa na wanazaa hapa mwaka mzima.

Kwingineko duniani nyangumi kibyongo ni msafiri mkubwa. Hula katika bahari baridi za karibu na ncha za dunia, kisha husafiri maelfu ya kilomita hadi bahari za joto kuzaa. Wale tunaowaona Unguja, Kenya na Madagaska kati ya Julai na Oktoba wanatoka kusini huko kwenye barafu. Hawa wa Oman peke yao hawaendi.

MHANDISI WA BERMUDA

Ugunduzi wa uimbaji wao ulianza mbali na hapa, tena kwa bahati. Katika miaka ya 1950 na 1960, mhandisi Mbermuda aitwaye Frank Watlington alikuwa akifanya kazi Bermuda katika kituo cha jeshi la majini. Kazi yake ilikuwa kusikiliza chini ya bahari kwa haidrofoni, yaani maikrofoni ya majini. Jeshi lilikuwa na shida ya nyambizi na milipuko, lakini yeye akawa ananasa pia sauti ambazo hakuna mashine inayoweza kuzitoa. Akaziweka. Inasemekana alihofia wawindaji wakizipata wangezitumia kuwatafutia nyangumi.

Mwaka 1967 alimpa kanda hizo mwanabiolojia Roger Payne. Payne na mwenzake Scott McVay walizichora kwenye spektrogramu, yaani karatasi inayoonyesha sauti kama picha: muda unakwenda kulia, sauti nyembamba juu na nene chini. Sisi wahandisi tunachora mashine zetu vivyo hivyo. Na picha ilipotoka, ikaonekana kwamba zile hazikuwa kelele za ovyo. Kulikuwa na vipande vidogo vinavyounda mafungu, mafungu yanarudiwa na kuunda sehemu, na sehemu zinafuatana kwa mpangilio ule ule mpaka mwisho, kisha mnyama anaanza tena. Wimbo mmoja huchukua dakika kadhaa hadi nusu saa, na huweza kurudiwa kwa saa nyingi. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Science mwaka 1971. Ami alilisema kwa maneno machache zaidi: inapanda, inashuka, inarudi ilipoanzia.

Waimbaji ni madume tu. Na kilichowashangaza watafiti zaidi, Katy Payne akiwa mbele yao, ni kwamba madume wote wa bahari moja huimba wimbo mmoja, na wimbo huo hubadilika kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, wote wakiubadilisha kwa pamoja. Mimi nikisoma habari hizo nilikumbuka taarabu. Kikundi kimoja cha mjini kikitoa kibwagizo kipya, baada ya miezi sita harusi zote zinakiimba. Na si mzaha: katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, nyangumi wa mashariki ya Australia waliacha wimbo wao kabisa na kushika wimbo wa wenzao wa magharibi, baada ya wageni wachache tu kuingia kwao wakiuimba. Habari hiyo ilichapishwa na Michael Noad na wenzake mwaka 2000. Wanyama hawa hujifunza kwa kusikia. Wana mapokeo, kama sisi.

HAIDROFONI KATIKA MAJI YETU

Mwaka 1979 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ilikubali pendekezo la Shelisheli, nchi ndogo kuliko zote katika mkutano ule, kuifanya Bahari ya Hindi kuwa hifadhi isiyowindwa nyangumi. Hifadhi ikaleta watafiti. Mwaka 1982 Hal Whitehead na wenzake walipita bahari hizi kwa mashua ndogo ya tanga iitwayo Tulip, wakanasa nyimbo za nyangumi kibyongo katika maji ya Oman na Sri Lanka. Naomba mlione hilo: chombo cha tanga, kimesimama, watu wamenyamaza, wanasikiliza. Ni kama ami, ila wao walikuwa na kanda.

Kuanzia mwaka 2000 ukaanza uchunguzi wa mfululizo katika pwani ya Oman. Nyangumi kibyongo akizama huinua mkia, na alama nyeupe na nyeusi za chini ya mkia ni kama alama za vidole. Kwa kulinganisha picha za mikia zilizopigwa kati ya 2000 na 2004, watafiti walikadiria kwamba waliobaki katika maji ya Oman ni 82. Kwa hesabu za uwezekano walisema idadi ya kweli iko baina ya 60 na 111. Kumbukeni idadi ya waliouawa mwaka 1965 na 1966.

Tangu mwishoni mwa 2011 vinasa sauti viliwekwa sakafuni mwa bahari, kwanza katika ghuba ya visiwa vya Hallaniyat na baadaye katika ghuba ya Masirah, vikawa vinasikiliza usiku na mchana hadi 2013. Hivi ni vyombo vinavyokaa peke yake chini kwa miezi, vina betri na kumbukumbu kama ya kompyuta, kisha vinapandishwa na kusomwa. Kazi hii waliifanya watafiti wa Jumuiya ya Mazingira ya Oman, iliyoanzishwa mwaka 2004, pamoja na wataalamu kutoka nje, akiwemo Salvatore Cerchio. Walisikia nini? Kwanza, nyangumi wa Oman huimba khasa katika miezi ya kaskazi. Ndiyo miezi ile ile ambayo majahazi ya Sur yalikuwa yakipita hapo hapo kuelekea Afrika. Ami alikuwa mahali sahihi, wakati sahihi, na mashine hakuwa nayo.

Pili, wimbo wao si wa wengine. Ripoti iliyopelekwa kwenye Tume ya Nyangumi mwaka 2016 ilionyesha kwamba wimbo wa Oman ni tofauti na ule wa nyangumi wa kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, yaani wale wa Madagaska na Afrika Mashariki. Ripoti hiyo hiyo ilionyesha kwamba wimbo wa kusini nao uliwahi kusikika katika maji ya Oman. Kwa hiyo ukuta baina yao si wa bahari. Wageni wanafika mlangoni na wanaimba, lakini wenyeji wana lao. Wachunguzi wa nasaba walikuwa wamefikia jambo linalolingana na hilo kwa njia nyingine. Mwaka 2014 walichapisha kwamba jamii hii imejitenga na nyingine zote kwa takriban miaka 70,000. Hata wakisafiri, safari zao ni za humu humu. Jike mmoja aliyepewa jina la Luban, kwa kuwa mkiani ana alama inayofanana na mti wa ubani, alifungwa kifaa cha setilaiti katika ghuba ya Masirah mwishoni mwa 2017. Akavuka bahari hadi kusini ya India, kisha akarudi Oman.

Tatu ni jambo lililonigusa zaidi. Mwaka 2017 Cerchio alikuwa akinasa sauti katika mlango wa Msumbiji, upande wa Madagaska, akitafuta nyangumi wa aina nyingine kabisa. Akasikia wimbo mnene wa nyangumi buluu, mnyama mkubwa kuliko wote duniani, lakini wimbo ambao haukuwahi kuandikwa popote. Alipofungua kanda za Oman, akaukuta wimbo ule ule, tena kwa wingi zaidi. Watafiti wengine waliukuta katika kanda za visiwa vya Chagos. Wakauchapisha mwaka 2020 kama wimbo wa nyangumi buluu wa kaskazini-magharibi mwa Bahari ya Hindi. Ni jamii nzima iliyokuwa haijulikani, na iliyojulikana kwa sauti kabla ya kujulikana kwa sura.

Wekeni ramani mbele yenu. Oman juu, Madagaska chini, na katikati pwani yetu yote kuanzia Mogadishu hadi Kilwa. Nyangumi kibyongo wa Oman ni kama wale wazee ambao hawakuwahi kutoka kijijini na lugha yao haikuchanganyika. Nyangumi buluu ana wimbo mmoja unaosikika ncha zote mbili za njia ya majahazi. Sitaki kuvuka mpaka wa ushahidi, kwani kusikika kwa wimbo mmoja pande mbili hakuthibitishi kwamba ni mnyama yule yule aliyekwenda na kurudi. Lakini watu wetu wa Sur, Unguja na Lamu hawatashangaa wakiambiwa kwamba bahari hii inaweza kubeba lugha moja umbali wote huo.

KUSIKIA NA KUELEWA

Je, wanasema nini? Hapa ndipo kompyuta za kisasa zinapoingia, na hapa ndipo panapohitaji uangalifu. Kanda za miaka michache huwa na maelfu ya saa za sauti, na mtu hawezi kuzisikiliza zote. Programu za kompyuta zinazojifunza kwa mifano sasa hufanya kazi hiyo ya kuchambua. Katika kisiwa cha Dominika, mradi wa CETI ulioanzishwa mwaka 2020 unachunguza nyangumi wa ambari, ambaye haimbi bali hugonga migongo mifupi kama simu ya upepo ya zamani. Mwaka 2024 watafiti wake walichapisha uchambuzi wa migongo karibu 9,000 na kuonyesha kwamba imejengwa kwa vijenzi vichache vinavyounganishwa kwa namna nyingi, mfano wa herufi. Mwaka 2025 wengine walionyesha kwamba katika nyimbo za nyangumi kibyongo wa New Caledonia, vipande vinavyotumika sana na visivyotumika sana vinagawanyika kwa uwiano ule ule unaoonekana katika maneno ya lugha za binadamu.

Na kuna kisa cha Alaska. Mwezi Agosti 2021 watafiti walicheza majini sauti moja ya mwito wa nyangumi kibyongo. Jike mmoja aitwaye Twain akasogea, akaizunguka mashua, na kwa muda wa dakika 20 akajibu kila mara sauti ilipochezwa, mara 36. Magazeti yaliandika kwamba mwanadamu amezungumza na nyangumi. Watafiti wenyewe walikuwa waungwana zaidi. Walikiri kwamba hawajui walichokuwa wakimwambia.

Mimi naelewa ungwana huo. Naweza kukaa ofisini na kukuambia kwa kutazama mchoro kwamba pampu ya pili itaharibika mwezi ujao. Lakini pampu hainambii kitu. Mpangilio si maana. Mtoto anayesoma Kurani huko Jakarta na asiyejua neno la Kiarabu ana mpangilio wote wa sauti mdomoni, na maana bado. Kwa hiyo tukisikia kwamba kompyuta imefumbua lugha ya nyangumi, tuulize kwanza: imefumbua nini? Mpaka sasa mashine imetufanya tusikie. Kuelewa ni safari nyingine.

LAKINI NANI ANASIKIA NANI?

Nimesema mwanzoni kwamba maneno ya ami kuhusu mashine ndiyo yaliyonikalisha kuandika. Nayarudia kwa sababu yananihusu mimi na kazi yangu. Majahazi yalipotiwa injini, sisi tukawa viziwi. Hilo ni hasara yetu. Nyangumi naye alipata hasara kubwa zaidi, kwani yeye huishi kwa masikio. Maji ya kina kirefu ni giza, jicho halina kazi kubwa huko. Mama humjua mtoto wake kwa sauti, na dume hutafuta jike kwa sauti. Meli kubwa hunguruma katika sauti nene zile zile anazotumia yeye. Kelele nyingi hutoka kwenye rafadha. Ikizunguka kwa kasi hufanya mapovu madogo yanayopasuka mfululizo, kama chungu cha maji kinachochemka, na mngurumo huo huenda mbali sana.

Hapa nilipo, meli za mafuta na gesi zinapita Ras al Hadd usiku na mchana, na baadhi yake zinabeba shehena ambayo mitambo ninayoitunza imeshiriki kuitengeneza. Sioni aibu kwa kazi hiyo, imesomesha wanangu. Lakini lazima niseme kwamba kelele zile mbao zilizopigwa na mabaharia wa al-Mas'udi kwa khofu, sisi leo tunazipiga bila hata kukusudia, mara elfu zaidi, bila kunyamaza.

Athari yake ilipimwa siku moja ya msiba. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11 mwaka 2001, meli zilipungua sana katika ghuba ya Fundy, Kanada. Watafiti waliokuwa huko walikuta kelele za chini ya maji zimeshuka, na katika kinyesi cha nyangumi, homoni za taharuki nazo zimeshuka. Ilipochapishwa mwaka 2012, ikawa ushahidi kwamba kelele zetu zinawatesa.

Habari njema ni kwamba hili ni tatizo la kihandisi, na matatizo ya kihandisi yana dawa. Meli ikipunguza mwendo, kelele hupungua. Rafadha ikisafishwa na kuundwa vizuri, kelele hupungua na mafuta yanaokolewa. Shirika la Kimataifa la Bahari lilitoa mwongozo juu ya jambo hili mwaka 2014, likaurekebisha 2023, ingawa bado ni hiari. Kwa nyangumi wa Oman kuna jambo la haraka zaidi ya kelele, nalo ni nyavu. Katika uchunguzi ule wa mikia, baina ya asilimia 30 na 40 ya wanyama walikuwa na makovu yanayoonyesha kwamba waliwahi kunaswa. Wavuvi wetu hawamkusudii, na akinaswa wao hupoteza nyavu zao. Lakini jamii ya wanyama wasiofika mia haihimili hasara nyingi. Wakiisha hawa, wimbo wao unaisha, maana hakuna wengine duniani wanaoujua.

JAHAZI LA NCHI KAVU

Pale Sur kuna jahazi la Fatah al-Khair, lililoundwa hapa mwaka 1951, likauzwa Yemen baadaye. Mwaka 1993 watu wa Sur walichanga fedha wakalinunua na kulirudisha, na sasa limesimama nchi kavu, watoto wa skuli wanaletwa kulitazama. Mwaka jana nilimpeleka binti yangu, aliyekuja likizo kutoka anakosoma. Nikamhadithia habari ya ami. Nilianza kwa Kiswahili, na baada ya sentensi tatu yeye akanijibu kwa Kiingereza, nami bila kufikiri nikaendelea kwa Kiingereza. Hadithi ikamfikia, lakini ile "inarudi pale pale ilipoanzia" haikuwa na uzito wake. Usiku nililala vibaya.

Nilikuwa na redio ya kaseti nilipokuwa na miaka kumi na tano, yenye kitufe chekundu cha kunasia. Nilinasia nyimbo za redioni. Ami alikaa hatua tatu kutoka kwangu, ana kichwani sauti za bahari, majina ya nyota, nyimbo za kuvutia foromali, na Kiswahili cha mabaharia ambacho leo sikisikii popote. Sikubonyeza kitufe hata mara moja. Watlington hakujua sauti zile ni za nini, lakini aliziweka. Mimi nilijua ni ami yangu, na sikuweka.

Basi wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Wenzangu mlioko Toronto, Leicester, Dubai na kwingineko, simu zenu zote zina kinasa sauti. Wazee waliopanda majahazi ya tanga wamebaki wachache kuliko nyangumi wa Masirah. Zimeni televisheni, kaeni nao, waacheni waseme, na msiwakatize. Maana yake mtaitafuta baadaye.